Je, Wajua? Taa ya Kasha Haiijui Diski Iliyomo Ndani

Je, wajua kwamba ile taa ndogo inayopepesa kwenye kasha la hadi diski mara nyingi haina habari yoyote kuhusu afya ya diski yenyewe? Wengi wetu huisoma kana kwamba ni ripoti kamili: ikiwaka tunashusha pumzi, ikizima tunaanza kuulizana nani kaiangusha.

Siri iko kwenye kibao kidogo cha saketi kilichojificha kati ya diski na tundu la USB. Diski za kawaida huongea lugha ya SATA, waya unaoingia kwenye kompyuta unaongea USB, na kwenye kibao hicho kuna chipu inayotafsiri kati ya hizo mbili. Mafundi huiita daraja. Katika makasha mengi ni daraja hilo linaloiwasha taa. Kwa hiyo taa ikiwaka, imekwambia jambo moja tu: daraja limepata umeme. Ikipepesa, imekwambia la pili: kuna amri zinapita. Ni kama mlinzi wa getini anayekujibu kwamba bosi yupo kwa sababu ameliona gari lake uani. Ofisini hajaingia kuchungulia.

Jambo hili lina uzito mahali kama Magole. Kata hii ya Wilaya ya Kilosa iko jirani na Dumila, kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, na jina lake limebebwa na barabara ya Magole–Turiani inayoelekea kwenye miwa ya Mtibwa. Miji midogo ya barabarani ya namna hii ndiyo makazi ya vibanda vya kuingiza nyimbo na muvi kwenye flashi na kadi za simu, na mtaji wa kibanda cha aina hiyo si kompyuta, ni diski. Humo ndimo mna bongo fleva, singeli, kwaya na filamu za nje zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kwa mtindo uliompa umaarufu mtafsiri Lufufu. Wapiga picha za harusi nao wanategemea diski hizohizo. Siku diski inapogoma, biashara imesimama mpaka fundi apatikane.

"Kaka, inawaka ila haisomi"

Hiyo ndiyo kauli ambayo fundi hupokelewa nayo. Mteja huisema kama ushahidi kwamba diski yake ni nzima. Fundi, kama anaijua kazi yake, anaisikia vingine kabisa.

Je, wajua kwamba taa ya LED hutosheka na miliampea chache, kwa kawaida zisizozidi 20? Linganisha na mota ya diski ya inchi 3.5, ile kubwa inayotumia adapta ya ukutani. Katika sekunde za mwanzo, inapojikakamua kuanza kuzungusha sahani zake, mota hiyo huweza kunyonya karibu ampea 2 kwenye volti 12. Hiyo ni mara 100 ya mahitaji ya taa. Adapta iliyochoka kwa umeme wa kukatika na kurudi itaiwasha taa vizuri kabisa, halafu ishindwe kuisukuma mota. Mwenye mali anaona mwanga wa bluu na kuhukumu kwamba diski imekufa, wakati mgonjwa ni adapta ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya diski.

Kwa hiyo kiganja ni kipimo bora kuliko jicho. Kiweke juu ya kasha kabla ya kuchomeka umeme. Diski nyingi za nje huzunguka mara 5,400 kwa dakika, nyingine 7,200, na mzunguko huo husikika mkononi bila shida. Kama taa inawaka na kiganja hakisikii kitu, anza na adapta. Volti zilizoandikwa juu yake ziwe sawasawa na zile kasha linazodai, ampea ziwe sawa au zaidi, na alama ya chanya na hasi kwenye ncha ya plagi ifanane. Tahadhari moja haina mjadala: chaja ya laptopu ya volti 19 mara nyingine huingia kwenye tundu la kasha la volti 12 bila kulazimishwa, na ikiingia, kibao cha ndani huungua. Wakati mwingine diski huondoka nacho.

Diski ndogo za inchi 2.5, zile za kutia mfukoni, hazina adapta. Zinakula kwenye tundu la USB. Sasa, tundu la USB 2.0 limeahidi miliampea 500 tu, na la USB 3.0 miliampea 900, wakati bandiko la diski nyingi za ukubwa huo linaonyesha mahitaji yanayokaribia ampea nzima. Ndiyo maana unaweza kuona taa inawaka, inazima, inawaka tena, huku ndani kukisikika tik, tik, kisha kimya. Diski inajaribu kuamka na umeme unaishia njiani. Jaribu waya mfupi zaidi, tundu la nyuma ya kompyuta ya mezani badala ya la mbele, au ule waya wenye plagi mbili za USB upande mmoja. Mlio ukiendelea hata baada ya kulishwa umeme wa kutosha, acha. Sasa ni vichwa vya kusomea vinavyohangaika, na kila unapowasha tena unaongeza hatari ya vichwa hivyo kuzikwaruza sahani.

Kuna hali ya tatu, na hii ndiyo inayowachanganya wengi. Taa inawaka imara, kiganja kinasikia mzunguko, na bado kompyuta haioni chochote. Mtuhumiwa wa kwanza ni waya. Nyaya nyingi za bei rahisi za kuchajia simu zina njia za umeme tu, zile za data hazimo. Taa itawaka, diski itazunguka, na habari hazitapita. Baada ya waya, fungua sehemu ya Windows ya kusimamia diski uone kama diski ipo ila imenyimwa herufi. Na kama Windows inakuuliza iifomati, jibu ni hapana, hata kama imeuliza mara tano. Swali hilo linamaanisha tu kwamba kompyuta haijauelewa mpangilio wa mafaili, na yapo mafaili mengi sana yaliyopotea kwa sababu mtu alikuwa na haraka akabonyeza ndiyo.

Waya wa simu ya zamani unaweza kukuokoa

Je, wajua kwamba lile tundu pana la ajabu kwenye diski nyingi za USB 3.0, lenye sehemu mbili kama lina pengo katikati, linapokea pia waya wa simu wa zamani? Sehemu yake kubwa ni tundu lilelile la Micro-B la simu za kabla ya Type-C. Waya wa asili ukikatika nawe uko Magole na duka la vifaa liko Morogoro mjini, chukua waya wa simu wenye njia za data, uuingize kwenye sehemu hiyo kubwa, diski itasoma. Mwendo utashuka hadi wa USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde badala ya gigabiti 5, lakini harusi ya Jumamosi itapatikana. Kama diski inakula umeme mwingi, basi tumia tundu la USB lenye nguvu ya kutosha.

Rangi za taa zilitoka relini

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa na kumalizikia Kigoma 1914. Wakati huo mafundi wa reli duniani walikuwa wametoka kwenye ubishi mrefu kuhusu taa. Zamani katika reli za Uingereza mwanga mweupe ulimaanisha njia iko wazi, na kijani kilimaanisha tahadhari. Tatizo likaonekana: kioo chekundu kikivunjika, taa ya kusimamisha treni inabaki kuwa nyeupe, na dereva anaambiwa apite. Kwa hiyo kijani kikapewa kazi ya kuruhusu, na nyeupe ikaondolewa.

Huo ndio ukoo wa kijani na nyekundu za vifaa vyetu. Kipo hata kiwango cha kimataifa cha rangi za viashiria, IEC 60073: nyekundu ni hatari, njano ni hali isiyo ya kawaida, kijani ni salama, na bluu ni pale mtu anapotakiwa kuchukua hatua. Bluu! Tazama sasa kwenye meza ya kibanda chochote. Makasha mangapi yana taa ya bluu inayowaka mchana kutwa bila kudai hatua yoyote? Kiwango hicho kinafuatwa viwandani. Kwenye makasha ya kuuzwa dukani, rangi huchaguliwa kwa kupendeza.

Na kupendeza huko kuna historia. Mwaka uleule wa 1907 reli ilipofika Morogoro, Mwingereza Henry Round aliandika kwamba kipande cha silikoni kabaidi kilitoa mwanga alipokipitishia umeme. Oleg Losev wa Urusi akaichunguza hali hiyo kwa undani miaka ya 1920. LED nyekundu inayoonekana vizuri ilitengenezwa Marekani na Nick Holonyak mwaka 1962. Bluu ikagoma kwa miaka mingine 30, hadi Wajapani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoifungua njia. Mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ndiyo sababu vifaa vya miaka ya 1980 vina taa nyekundu, njano na kijani tu, kisha ghafla kila kitu kikawa cha bluu. Ilikuwa mpya, na upya unauza.

Kuhusu namna ya kupepesa, hali ni ya kila mtu na lake. Western Digital, kwa mfano, imeeleza kwenye diski zake za My Passport kwamba taa isiyopepesa ni mapumziko, kupepesa haraka kama mara 3 kwa sekunde ni kazi, na kupepesa polepole kila baada ya sekunde 2.5 ni kwamba kompyuta imelala. Kasha la kampuni nyingine linaweza kuzima taa kabisa likilala, na jingine kubadili rangi. Kwenye seva kubwa kuna utaratibu wa pamoja uitwao IBPI, ambamo taa ya hali ikiwaka bila kupepesa diski imeharibika, na ikipepesa mara 4 kwa sekunde fundi anaonyeshwa diski ipi aichomoe kati ya nyingi. Utaratibu huo haujafika kwenye diski ya mfukoni, kwa hiyo kijikaratasi cha maelezo kinachotupwa pamoja na boksi ndicho kamusi pekee.

Taa inayopepesa huku ikikudanganya

Je, wajua kwamba kuna makasha yanayouzwa kama diski ya terabaiti 16 ambayo ndani hayana diski kabisa? Yakifunguliwa hukutwa kadi ya kumbukumbu ya simu iliyobandikwa gundi, na pengine vipande vya chuma vya kuongeza uzito. Programu ya ndani imechezewa ili itangaze ukubwa usiokuwepo. Unanakili muvi, taa inapepesa kwa furaha, kompyuta inasema imemaliza, na mafaili mapya yanaandikwa juu ya yale ya mwanzo. Unagundua siku unapofungua. Programu za bure kama H2testw na F3 huumbua udanganyifu huu kwa kujaza diski nzima na kuisoma tena. Inachukua muda mrefu, na ni bora ifanyike kabla muuzaji hajasahau sura yako.

Uongo mwingine hauna mhalifu. Ukiweka diski ya terabaiti 3 kwenye kasha la zamani, kompyuta inaweza kuonyesha gigabaiti 746 tu. Daraja la zamani linahesabu kwa tarakimu 32 za binari, hivyo linaishia kwenye vipande 4,294,967,296 vya baiti 512, kisha linaanza upya kutoka sifuri. Kinachobaki ni hizo 746. Taa haina dalili yoyote. Badilisha kasha, si diski.

Na kabla ya kubadilisha, uliza jambo moja. Baadhi ya makasha hufunga data kwa siri ndani ya daraja lenyewe, hata kama hukuweka nywila. Diski ikitolewa humo na kuwekwa kwenye kasha jingine, kinachosomeka ni fujo. Baadhi ya diski ndogo za nje hata hazina plagi ya SATA ndani. Tundu la USB limechomelewa moja kwa moja kwenye kibao cha diski. Fundi anayevunja kasha kabla ya kutazama modeli, mwogope.

Taa inapepesa bila kupumzika

Mara nyingi ni kazi halali: kompyuta inaorodhesha mafaili, au kinga ya virusi inakagua. Subiri. Lakini ikipepesa mfululizo huku faili la dakika 3 likichukua nusu saa kunakiliwa, huenda diski inarudiarudia kusoma sehemu mbovu. Hapo ndipo pa kumuuliza bosi mwenyewe. Diski huweka kumbukumbu za afya yake ziitwazo SMART, na programu kama CrystalDiskInfo huzisoma, madamu daraja linapitisha maswali hayo. Namba 5 ni sehemu zilizokufa na kuhamishwa, 197 ni zinazosubiri hukumu. Zikipanda, nakili mali yako leo. Namba 199 ikipanda peke yake, kosa linatokea njiani kati ya diski na kibao, kwa hiyo kagua nyaya na viunganishi kabla ya kuilaumu diski.

Kupepesa kukikoma, je, ni ruhusa ya kuchomoa? Si lazima. Kompyuta huweza kuwa bado imeshikilia sehemu ya data kwenye kumbukumbu yake ikisubiri nafasi ya kuiandika. Kuanzia toleo la 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, Microsoft iliweka mpangilio wa kawaida unaopunguza hatari hiyo. Kompyuta ya kibandani ikiwa ya zamani kuliko hapo, hatari bado ipo.

Muziki nao umo

Je, wajua kwamba sauti kubwa huweza kuisimamisha diski? Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na mtikisiko mdogo huvitoa kwenye mstari. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg, akiwa Sun Microsystems, alizipigia kelele diski za seva kwa mdomo wake na mchoro wa kompyuta ukaonyesha zikichelewa papo hapo. Mwaka 2022 Raymond Chen wa Microsoft akasimulia kisa cha laptopu za zamani zilizokuwa zikizimika wimbo "Rhythm Nation" wa Janet Jackson ulipopigwa, kwa kuwa sauti fulani katika wimbo huo iliendana na mtikisiko wa asili wa diski za laptopu hizo. Hata laptopu ya jirani ilizimika. Mwenye kibanda aliyeweka diski juu ya spika ya besi, na kushangaa kwa nini taa inaganda kila singeli inapokolea, ajaribu kuihamisha tu.

Na kama kipanya kisicho na waya kinakwamakwama kila diski ya USB 3.0 inapofanya kazi, si uchawi. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo kwamba USB 3.0 hutoa kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, yaleyale yanayotumiwa na kipanya. Tenganisha vitu hivyo viwili kwa waya mrefu kidogo.

Taa nyingine ndogo ukutani

Mita ya LUKU nayo ina taa inayopepesa, na hiyo husema ukweli kwa namba. Karibu nayo huandikwa idadi ya mapigo kwa kila uniti. Ikiwa ni 1,000, kila pigo ni wati-saa 1. Zima kila kitu, uache kasha la diski linalokula wati 10 peke yake, na taa ya mita itapepesa mara moja kila baada ya dakika 6. Ni njia nzuri ya kujua ni kifaa gani kinachomaliza uniti za kibanda, na mara nyingi jibu huwa friji.

Maji ya Mkundi

Januari 2014 mafuriko yalikata barabara kuu pale kwenye daraja la Mto Mkundi, Dumila, na maji yakaingia majumbani Magole na vijiji jirani. Diski ya kawaida haijafungwa kabisa: ina tundu dogo lenye kichujio ili hewa ya ndani ilingane na ya nje, na tundu hilo halizuii mafuriko. (Hewa hiyo ndiyo inayovielesha vichwa, ndiyo maana watengenezaji wengi huweka mpaka wa kutumia diski kwenye mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari; kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, diski ya kuzunguka haina dhamana. Zile zilizojazwa heliamu na kuzibwa, zilizoingia sokoni mwaka 2013, ni habari nyingine.) Diski iliyozama isichomekwe umeme hata mara moja "kuona kama taa inawaka". Isianikwe juani wala kuwekwa kwenye mchele, kwa kuwa tope likikauka juu ya sahani halitoki kwa urahisi. Ifungwe kwenye mfuko wa nailoni ikiwa na unyevu wake na ipelekwe kwa wataalamu wa kuokoa data.

Taa inayoongea na majirani

Kisa cha mwisho ni cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel. Mwaka 2017 Mordechai Guri na wenzake walionyesha kwamba programu ya kijasusi ikishaingia kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao wowote, inaweza kuilazimisha taa ya hadi diski kupepesa maelfu ya mara kwa sekunde, kasi ambayo jicho la mtu halioni. Kifaa cha kunasa mwanga kilicho ng'ambo ya dirisha, hata kilichofungwa kwenye droni, kiliweza kupokea hadi biti 4,000 kwa sekunde, zikiwemo nywila. Taa ileile isiyoweza kumwambia mwenye diski kwamba sahani zimekwaruzika iliweza kuwasomea watu wa nje mafaili yake. Kati ya kinga walizozipendekeza, rahisi kuliko zote ni kuibandika taa kipande cha plasta nyeusi.